Sababu Moja Tu

"Nipe sababu moja tu, mke wangu. Moja!"

Mke alikuwa amepiga magoti sakafuni akihangaika na begi, zipu imeng'ang'ania pindo la gauni. Alikuwa ametoka kushona magodoro kiwandani, miguu imevimba mpaka alama za kanda za viatu zimebaki kama zimechorwa.

"Nimechoka."

"Kuchoka si sababu. Nani hachoki? Nimekupiga? Nalewa? Nina mwanamke?"

"Huna."

"Sasa?"

Simu ya mke ikatetemeka. Ujumbe wa dada yake: "Hakupigi, halewi, hana mtu. Ukija kwangu tutamwambia mama nini?"

Hata dada! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kando ya kitanda kompyuta ya mumewe ilikuwa ikivuma kama kawaida yake, usiku na mchana, madirisha yamefungwa isije ikaingia vumbi. Mume alikuwa mwalimu wa hesabu, na alikuwa akiwinda namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Tena kubwa, ukiiandika inajaza vitabu vya kabati zima. Juzi mashine ilisema imepatikana, mwalimu akalia kwa furaha. Ilibaki tu mwenzake aipime kwa mashine nyingine, maana kwao kauli ya mashine moja haiaminiwi.

Simu ya mwalimu ikaita. Akaweka spika.

"Swahiba, pole. Nimerudia mara mbili. Ingekuwa tasa, mwishoni mwa kipimo ingebaki sifuri, haikubaki. Mashine yako ilikosea, labda joto. Namba inagawanyika."

Mwalimu akaketi kitandani kama gunia lililotuliwa.

"Inagawanyika kwa ngapi?" mke aliuliza. Alimwonea huruma, Mungu anajua.

"Haijulikani."

"Sasa mmejuaje?"

"Kipimo hakitafuti namba inayoigawanya. Kinasema tu kwamba ipo. Hizi kubwa ndivyo zilivyo: unaweza kufa hujaiona, lakini kwamba inagawanyika, hilo halina ubishi."

"Na wewe umekubali? Hivi hivi, bila sababu hata moja?"

Mwalimu akaitazama ile miguu iliyovimba kana kwamba ndiyo kwanza imeingia mlangoni.

"Sina jina la kuliita hili jambo, mume wangu," mke alisema taratibu. "Ningekuwa nalo ningekupa zamani. Lakini jambo lipo."

"Nakuamini."

Hakuapa, wala hakujipigapiga kifua. Aliinama akachomoa waya wa kompyuta ukutani. Kimya kikaingia chumbani, wakasikia jirani akisugua sufuria.

"Ukienda, nitakubebea begi mpaka kituoni. Ukibaki, sitakuuliza tena kwa nini."

Mke akajikongoja akasimama, mkono kiunoni.

"Sogea huko."

"Unabaki?"

"Nataka kulala. Hata kuondoka kunataka nguvu, baba, na mimi sina. Nikiamka tutaongea, na utanisikiliza."

Mwalimu akasogea mpaka ukutani.