Kitambaa cha Bondeni

Songea, Desemba 1994. Jumapili, saa nne asubuhi.

Lidwina alitia komeo mlango wa chumba cha nyuma cha kilabu chake. Akamwaga majivu mezani, akachora kwa kidole.

"Hii kambi ya mkandarasi. Hii bohari. Mlinzi mmoja, ana rungu. Wengine wako kanisani."

"Bohari ina nini?" aliuliza Kajetani, dereva.

"Kitambaa."

Hironimus alicheka. "Tukaibe vitenge?"

"Kitambaa cha barabara, mjinga wewe. Kizito kama blanketi. Wanakitandika juu ya tope ndipo wamwage kifusi, kisizame. Azizi wa Nalasi anayataka majora yote, wakulima waanikie korosho. Siku hizi biashara ya korosho ruksa, kila mtu mnunuzi." Akamkazia Hironimus macho. "Atakayeniharibia, namzika."

Kajetani hakulipenda jicho lile. Hironimus alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake Oliva. Ni Kajetani aliyemwingiza katika kazi hii.

Saa sita mchana.

Hironimus alimpiga mlinzi ubapa wa panga kisogoni, wakamfunga kamba. Wakapakia majora kwenye lori huku mvua ikianza. Lidwina akakaa mbele kando ya Kajetani, bastola mapajani.

Saa nane.

Kukwepa kizuizi cha polisi, walishika njia ya vijijini, ile ile iliyokuwa ikijengwa. Lori lilikimbia vizuri mpaka ujenzi ulipokomea, bondeni. Hapo hapo magurudumu ya nyuma yakazama.

"Tutandike jora moja," Kajetani alisema.

"Mali ya Azizi haiguswi."

"Basi kaa nayo topeni."

Mbali nyuma yao Land Rover ya polisi ilinguruma. Mlinzi alikuwa ameshachomoka kwenye kamba.

"Tandikeni," Lidwina alisema.

Hironimus alikata kamba, akaburuta jora, akalikunjua mbele ya magurudumu mpaka ng'ambo ya tope. Akaenda nyuma kusukuma. Lori likapanda kitambaa, likatoka. Kajetani akapunguza mwendo ili shemeji yake adandie.

Mdomo wa bastola ukamgusa ubavuni.

"Kanyaga."

"Ni mume wa dada yangu."

"Watasimama kumkamata. Sisi tutakuwa mbali. Kanyaga."

Akakanyaga. Kwenye kioo alimwona Hironimus akikimbia, akianguka kifudifudi, akiinuka na panga mkononi.

Kilima kilikuwa kikali, lori likapanda kwa kukoroma. Nyuma, Land Rover ilifika ukingoni mwa tope ikasita. Kitambaa kilikuwa kimekunjamana na kufunikwa na matope.

"Hawapiti," Lidwina alisema, akacheka.

Hironimus alilitupa panga. Akapiga magoti, akavuta pindo la kitambaa kwa mikono yote miwili, akalinyoosha mpaka kwenye matairi ya polisi. Kisha akasogea pembeni, akawapungia mkono wapite.

Wakapita.

Lidwina alimgeukia Kajetani amwambie akanyage. Kajetani alikuwa ameshaondoa mguu kwenye mafuta.