Nne Mara Mbili

Harufu ya nywele zilizoungua ndiyo iliyotangulia. Mlezi akadhani inatoka jikoni. Akaenda, akakuta jiko limezimwa. Aliporudi kwenye chumba ambamo watoto hulala mchana, kila kitanda kilikuwa na mtoto, ila moyo wake ukakataa. Akampigia simu fundi aliyekitengenezea kituo cha watoto programu ya kuwahesabu, maana binti wa fundi huyo, Kidoti, alikuwa humo.

“Baba Kidoti, simwoni mwanao,” mlezi alimnong'oneza fundi alipofika.

“Mashine inasemaje?”

“Namba zimefuatana, hakuna pengo.”

“Basi yupo. Dada, kompyuta haisinzii kazini kama wewe.”

Alitania, lakini kijasho kilishamtoka. Kila mtoto alivaa bangili yenye namba, na mashine ilizisoma zote. Akaifungua programu aliyojivunia, akaona uvivu wake: ilichukua namba kubwa, ikatoa ndogo, ikaongeza moja, ikalinganisha na idadi ya bangili. Haikuuliza kama kuna namba iliyokuja mara mbili. Njia ya mkato ilikuwa imemtokea puani. Akaongeza mstari wa kuuliza hilo.

Nne imejirudia. Tano haipo.

Tano ni Kidoti. Wakanyata kati ya vitanda, wakifunua shuka moja baada ya nyingine, harufu ikizidi kuwakaba, mpaka wakawakuta wavulana wawili wenye sura moja na kovu moja, wakipumua pamoja, na mmoja alipokohoa yule wa pili naye akakohoa, akichelewa kidogo, kama anayejifunza.

Fundi akamkamata aliyechelewa. Mkono ulikuwa wa baridi.

“Nirudishie mwanangu!”

“Haya,” kikajibu kile kitu, bila kufumbua macho.

Taa ikazimika, ikawaka. Vitandani walikaa Kidoti wawili, wamenyoosha mikono. “Baba, nibebe.”

Kwenye kompyuta: Tano imejirudia. Nne haipo.

“Yule mvulana!” mlezi akalia kwa sauti ya chini. “Baba Kidoti, mwambie amrudishe na huyo mtoto wa watu.”

“Nikimwambia, atamchukua nani?”

Mlango wa mbele ukabishwa. “Hodi! Nimemfuata mwanangu,” ikasema sauti ya mama wa yule mvulana, yenye furaha.

Fundi aliwatazama mabinti wawili, akaogopa kuchagua. Akaufuta mstari aliouongeza. Namba zimefuatana, kompyuta ikasema. Akawabeba wote wawili, akatokea mlango wa nyuma, akamwacha mlezi na ile hodi.