Kinyozi na Maneno Kumi na Mawili ya Siri

Kinyozi alikuwa na mkono mwepesi. Kwa miaka kumi na minane alinyoa watu katika chumba chenye kiti kimoja na kioo kirefu. Upande wa pili wa pazia, mke wake alishona nguo.

Siku moja kinyozi alinunua sarafu za mtandaoni. Hizi ni fedha zisizoshikika. Huwekwa kwenye pochi iliyo ndani ya simu, na bei yake hupanda na kushuka kila saa. Wiki ya kwanza bei ilipanda. Kinyozi akaona amepata kazi mpya.

"Kuanzia leo usiniite kinyozi," alimwambia mkewe. "Mimi ni mwekezaji."

"Sawa, mwekezaji. Kuna mtu anakusubiri na povu kidevuni."

Tangu hapo mkono mmoja ulishika wembe, mwingine simu. Bei ikipanda, alipiga kelele mpaka mteja akaruka kitini. Ikishuka, alishika tama. Mwalimu mmoja alitoka na sharubu za upande mmoja.

"Vumilia, mwalimu," kinyozi alimwambia. "Soko limeyumba."

Wateja wakaanza kuhama.

Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa mtu aliyejiita Bosi wa Sarafu. Kwenye picha alivaa suti nyeupe na kuegemea gari jekundu. Aliandika: "Nitumie maneno yako kumi na mawili ya siri. Baada ya siku saba, sarafu zako zitakuwa mara mbili."

Maneno hayo kinyozi aliyapata siku alipofungua pochi yake. Aliyaandika kwenye karatasi, akaificha katika kopo la poda. Sasa akaitoa, akaanza kuyanakili kwenye simu.

Wakati huo aliingia jirani yao wa ghorofani, mwanamke kijana mwenye nywele fupi. Miguuni alikuwa na ndala. Aliketi kitini, akamwona kinyozi kwenye kioo akinakili maneno kutoka kwenye karatasi.

"Jirani, unamwandikia nani hayo?"

"Mambo ya sarafu, dada. Huwezi kuyaelewa."

"Hiyo ndiyo kazi yangu. Huu ni mwaka wa tisa."

Kinyozi alizitazama zile ndala. "Wewe? Gari lako liko wapi?"

"Sina gari. Nina kampuni. Nilianza kwa kuwaandikia watu programu za kompyuta. Nikaweka akiba, nikafungua kampuni ya sarafu, ikafa. Nikajifunza upya. Sasa nina kampuni yenye leseni. Inasaidia wafanyabiashara kutuma malipo nchi za nje."

"Basi huyu Bosi ni mwenzako!"

"Huyo ni mwizi. Ngoja nikuulize. Ukimpa mgeni ufunguo wa nyumba, atashindwa kuingia?"

"Ataingia."

"Maneno hayo ndiyo ufunguo. Mwenye nayo ndiye mwenye sarafu. Zikihamishwa, hakuna karani wa kukurudishia. Usimpe mtu yeyote, hata akijiita nani. Na kila anayekuahidi faida ya uhakika, mkimbie. Mimi mwenyewe sijui bei ya kesho."

Kinyozi aliyafuta maneno aliyokwisha kuyaandika.

"Umeweka kiasi gani?" jirani aliuliza.

Kinyozi alishusha sauti. "Akiba ya binti yetu. Ya kusomea uuguzi."

Cherehani ilinyamaza. Pazia likafunguka.

"Baba watoto, rudia hapo mwisho."

Kinyozi alitamani kuingia kwenye kopo la poda.

"Wifi, bado hazijaibiwa," jirani alisema haraka. "Ila fedha ya ada haipaswi kuwa humu. Wekeni ile tu ambayo hata ikipotea yote, nyumba haitatikisika."

Mke aliichukua simu. Akamwandikia Bosi maneno kumi na mawili: uzi, sindano, zipu, kifungo, mkasi, kola, mfuko, pindo, futi, chaki, bitana, mkanda.

Bosi alijibu upesi: "Maneno haya hayafungui!"

Mke akaandika: "Yapige pasi kwanza."

Jirani alicheka mpaka machozi. Kisha akawaonyesha jinsi ya kumfungia Bosi asiweze kuwaandikia tena. Namba yake wakaipeleka polisi.

Alasiri hiyo hiyo kinyozi aliuza karibu sarafu zote. Akiba ya binti ikarudi benki, katika akaunti ambayo sasa inahitaji saini mbili, yake na ya mkewe. Alibakiza sarafu kidogo, na bei huitazama Jumamosi tu, akishafagia nywele. Wateja wakarudi mmoja mmoja.

Baada ya miezi miwili bei ilianguka vibaya. Mteja mmoja alikuwa kitini habari ilipotangazwa redioni.

"Pole, fundi," alisema. "Fedha zako si zimekwisha?"

"Hiyo niliyobakiza niliiaga mapema," kinyozi alijibu. "Ile kubwa iko chuoni, inasomea uuguzi. Haya, inamisha kichwa."