Ua Halina Miguu

Kwa palizi, Mama Pacha hakuwa na mpinzani. Shamba lake la matikiti lilikuwa safi hadi ukingoni, utadhani limefagiwa. Vijiua vya porini vilivyojiotea pembezoni alivifyeka vyote. Asubuhi na mapema alipiga dawa ya wadudu.

Lakini matikiti hayakushika. Maua yalichanua, yakanyauka, yakadondoka. Mama mkwe alikuwa amempa shamba hilo kwa majaribio ya misimu miwili. Msimu wa kwanza alitoka kapa, na huu wa pili maua yalikuwa yameanza kudondoka vilevile. Akikosa tena, shamba angepewa shemeji yake afyatulie matofali. Jambo hilo lilimnyima usingizi.

Akamwita bibi shamba.

"Hongera kwa usafi, mama," bibi shamba alisema. "Sasa wageni wako wanakula wapi?"

"Wageni gani tena?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Njoo."

Waliinama kando ya njia, penye kijiua cha porini. Nyuki mdogo mweusi, hazidi punje ya mchele, alikuwa akiingia na kutoka. Miguu yake ilijaa unga wa njano.

"Walinganishe hawa wawili," bibi shamba alisema. "Wote wadogo, wote wa porini. Ua lina chakula, halina miguu. Nyuki ana miguu, hana chakula. Basi wanafaana. Akitoka hapa anapita kwenye matikiti, anahamisha unga toka ua dume hadi ua jike. Bila unga huo tikiti halishiki."

"Kumbe nimewafukuza mwenyewe."

"Palilia kati ya mistari, pembeni acha maua. Usipige dawa maua yakiwa wazi. Kwa sasa, kila asubuhi chuma ua dume, uliguse ndani ya ua jike, lile lenye kitikiti kidogo nyuma."

"Yaani mimi ndiye niwe nyuki?"

"Wiki mbili tatu tu. Ila usiume watu."

Shemeji alimkuta akizunguka na ua mkononi. "Shemeji, unayaoza matikiti?"

"Ndiyo, na wewe hujaalikwa."

Mvua ikanyesha. Pembezoni pakachanua tena, nyuki wakarudi. Matikiti yakashika, yakanenepa.

Siku ya mavuno mama mkwe alizunguka shamba zima. Kisha akasema, "Majaribio yamekwisha. Shamba ni lako, mwanangu." Mama Pacha aliona fahari hadi machozi yakamlengalenga.

Jirani mmoja akapita. "Mbona pembeni hamjapalilia?"

Mama mkwe aliwahi kujibu. "Ingia, mkwe wangu akufundishe kulima."