Uzi Mwekundu kwenye Miwani

Bibi alilala kifudifudi kwenye saruji nyuma ya jengo la ghorofa nne, mkono mmoja chini ya kifua, mguu mmoja bila kiatu. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Inspekta, mwanamama, alichuchumaa, akasogeza ukosi wa gauni kwa kidole kilichovaa glavu, akaona nyuma ya shingo mchubuko mwembamba, mpya kabisa.

"Hakujirusha," alisema.

"Umejuaje, Afande?" Koplo aliuliza.

"Hapa amevutwa na kitu. Mkanda, au kamba."

Marehemu alikuwa muuguzi mstaafu, akiishi ghorofa ya pili na binti yake na mkwewe. Tangu astaafu hakuwa na starehe nyingine ila kupiga picha ndege. Wiki mbili nyuma alinunua kamera ya bei nafuu yenye zumu ya dijitali, ile ya kuvuta vitu vya mbali, na tangu siku hiyo paa likawa ndiyo sebule yake. Magoti yalimsumbua lakini ngazi alizipanda.

Kamera waliikuta huko huko juu, imetundikwa kwa mkanda wake kwenye koki ya tangi la maji, kwa utaratibu, kama koti la mgeni. Ukuta wa paa ulifika kiunoni tu. Chini ya ukuta, kwa ndani, Koplo aliokota miwani. Mkono mmoja wa miwani hiyo ulikuwa umefungwa kwa uzi mwekundu. Aliitia kwenye bahasha ya vielelezo kabla majirani hawajaruhusiwa kupanda.

Binti wa marehemu, mjamzito wa miezi minane, alieleza kwamba skrubu ya miwani ilidondoka wakati wa chakula cha mchana. Aliifunga yeye mwenyewe kwa uzi wa kushonea, mama yake akapanda moja kwa moja juu ya paa, naye akaenda kliniki. Nyumbani alibaki mume wake, amejifunika blanketi kwa homa. Majirani nao hawakukawia kumwaga mtama: mkwe na mama mkwe walizozana mchana huo. Mkwe alimkataza kupanda ngazi na magoti yale, na bibi akamjibu kuwa yeye si baba yake.

Saa kumi na moja akaja shahidi kituoni, kwa hiari yake. Alikuwa muuzaji wa duka la kamera mwishoni mwa mtaa, kijana nadhifu ambaye watu walimwita Vuta Karibu. Yeye ndiye aliyemuuzia marehemu kamera.

"Ilikuwa saa tisa kasoro," alisema. "Nilikuwa mlangoni na kamera ya majaribio, kama ile ile ya bibi. Nikaielekeza juu ya paa, nikavuta."

"Ukaona nini?"

"Nikamwona mkwe wake, amekunja uso, anamsukuma bibi wa watu. Nilimwona waziwazi, dada. Hata ule uzi mwekundu kwenye miwani ya bibi niliuona."

"Ulipiga picha?"

"Mikono ilikufa ganzi."

Ni ule uzi uliomshawishi Inspekta. Nje ya polisi na binti wa marehemu hakuna aliyejua habari zake, na binti hakuwa ametoka kituoni tangu alipofika. Shahidi anayetaja kitu kidogo hivyo, na kikawa kweli, utamkatalia nini? Mkwe akatiwa mahabusu na homa yake, kesho yake saa nane mchana apandishwe kizimbani kwa mauaji.

Asubuhi Inspekta aliwahi kituoni. Miaka mitatu nyuma alimkamata dereva mmoja kwa neno la shahidi mmoja, na dereva akasota rumande miezi minane kabla ukweli haujajulikana. Alipotoka, mtoto wake mdogo alimkimbia, hamjui. Inspekta hakuwahi kumsimulia mtu jinsi alivyoogopa tangu hapo kila aliposaini hati ya mashtaka.

Binti alikuwa ameshafika, ameketi kwenye benchi la mapokezi, mikono juu ya tumbo.

"Dada, mume wangu kuku tu hawezi kumchinja," alisema. "Mama hata sijamzika, na baba wa mwanangu mnanichukulia. Nishike wapi?"

 Inspekta aliingia ofisini, akafunga mlango, akaiwasha kamera ya marehemu. Jana wataalamu walitafuta humo sura ya muuaji, wakakosa, wakaiacha. Alama za vidole za muuzaji zilikuwepo, lakini hizo zilitarajiwa kwa mtu aliyeiuza.

Zilikuwa picha za mwewe mmoja, kwenye nguzo ya simu mwisho wa mtaa, karibu na duka la kamera. Ya kwanza mwewe alikuwa nukta. Ya pili, amevutwa kidogo, alikuwa na mabawa. Ya tatu, amevutwa mpaka mwisho, hakuwa mwewe tena. Alikuwa vijisanduku vya kahawia na vya kijivu, havina jicho wala mdomo. Bibi alikuwa amepiga picha kama hizo thelathini na mbili, siku baada ya siku, akitafuta jicho la mwewe asilipate.

 Inspekta akamwita mpiga picha wa kituo, mzee anayepiga picha za matukio ya uhalifu.

"Mbona inaharibika, mzee wangu?"

"Zumu ya lenzi inavuta kweli," mzee alijibu. "Hii ya dijitali inapanua tu kilichokwishaonekana. Ni kuongeza maji kwenye chai: kikombe kinajaa, utamu haupo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo. Inspekta alimvuta Koplo pembeni, akamnong'oneza maagizo, akatoka.

Duka la kamera lilikuwa na desturi yake: mteja anaacha kitambulisho kaunta, anapewa kamera ya majaribio kwa nusu saa. Inspekta akaweka kitambulisho chake cha polisi juu ya kioo. Mlangoni palibandikwa tangazo la kamera ile ile, na juu ya kaunta picha ya Vuta Karibu kwenye fremu, Muuzaji Bora.

"Nionyeshe jana ulisimama wapi," Inspekta alisema. "Koplo wangu yuko juu ya paa. Mwangalie, uniambie anafanya nini. Nataka mahakama iamini macho yako."

Muuzaji akasimama mlangoni, akainua kamera, akavuta mpaka mwisho. Kulikuwa na mtu juu ya paa, koti la polisi na kofia ya polisi. Muuzaji alikawia. Kidole chake kilirudi nyuma, kikavuta tena. Jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo, na Inspekta aliliona.

"Namwona," muuzaji alisema mwishowe, kwa sauti ile ile ya kuuzia. "Koplo wako anatabasamu. Na masharubu yake yale."

"Una uhakika?"

"Kamera hii, dada, inaleta hata kipele."

Mlango wa stoo ukafunguka nyuma yao. Koplo, aliyeingia kwa mlango wa nyuma, akatoka, kichwa wazi, hana koti, masharubu yake mahali pake.

"Juu ya paa ni konstebo wa kike wa mapokezi," Inspekta alisema. "Hana masharubu, tena amekupa mgongo, kwa hiyo hata uso wake hukuweza kuuona."

Muuzaji aliiteremsha kamera taratibu. Inspekta alimweleza haki yake ya kunyamaza, na kwamba atakalosema litaandikwa. Kisha akauliza lile lililomleta.

"Uzi ulifungwa mchana ule ule. Bibi hakushuka tena akiwa hai. Kutoka hapa huwezi kuona kichwa kina uso au hakina. Uzi mwekundu uliuonea wapi?"

Muuzaji aliiweka kamera juu ya kaunta.

"Ulisimama mbali naye kiasi gani?"

"Kama mimi na wewe," alisema.

Chumba cha mahojiano hakikumchelewesha kukiri. Bibi alimpigia simu saa nane na nusu, aje aone mwenyewe jinsi zumu ilivyo uongo, la sivyo atakwenda kwa mwenye duka. Mwenye duka alikuwa ameshamwonya: lalamiko moja zaidi, na kazi basi. Akatumia mlango wa nyuma wa duka, akapanda ngazi za nje za jengo ili asionekane, ampoze kwa maneno matamu, kazi ambayo hakuna aliyemshinda.

"Hakupoa," Inspekta alisema.

"Hakupiga hata kelele. Alisema niende nikalibandue lile tangazo. Nikamwambia magoti yake yanamtia hasira. Akacheka, akasema nimtazame tu yule mwewe, mara moja, nimwambie jicho lina rangi gani."

"Ukafanya nini?"

"Alikuwa ameivaa kamera shingoni. Akanisogezea usoni na mkanda wake. Nikaishika kamera, nikausukuma mkono wake, mkanda ukamkaza shingoni, akarudi nyuma kwenye ukuta, mkanda ukamvuka kichwani, akapinduka." Aliitazama mikono yake. "Mimi nikabaki na kamera mkononi. Sikukusudia, Afande. Nikaitundika pale kwenye koki. Sijui kwa nini niliitundika."

"Na mkwe wake?"

"Niliwahi kusikia wanagombana. Nikaona wataamini."

Nami niliamini, Inspekta aliwaza, na aibu ikamchoma. Koplo aliandika. Saa ilikuwa sita na dakika kumi. Ufunguo wa mahabusu ulikuwa mezani, na nje, kwenye benchi, binti alikuwa bado ameketi.

"Swali la mwisho. Umeuza kamera ngapi za aina hii?"

"Zaidi ya arobaini."

"Na wewe mwenyewe uliijaribu lini, kabla ya leo?"

Vuta Karibu aliinamisha kichwa.

"Sijawahi."

"Bibi alikuomba utazame mara moja tu. Kwa nini ulikataa?"

"Ningetazama nikaona," alisema, "kesho yake ningeuza kwa mdomo gani?"

Inspekta akauchukua ufunguo, akatoka kwenda kumfungulia mkwe.