Barua Tisini na Tatu Ndani ya Pipa la Taka

Siku binti yangu alipokutana na fundi, alikuwa amekumbatia skrini ya kompyuta kifuani kama mtu anayemkimbiza mtoto mgonjwa hospitali. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwisho wa mwezi, na ngazi za lile jengo la maduka ya vifaa vya umeme zilikuwa zimefurika watu, wengine wanapanda, wengine wanashuka na maboksi vichwani. Alivaa gauni la rangi ya machungwa lenye mkanda mweupe kiunoni, na viatu vya kisigino kirefu ambavyo asubuhi hiyo hiyo alinibishia kwamba anaviweza. Hakuviweza. Karibu na ghorofa ya pili kisigino kikanasa kwenye ufa, akayumba, na mkono wa mtu ukadaka ile skrini kabla ya kumdaka yeye.

"Yaani umeona skrini kwanza?" binti yangu akafoka, huku ameng'ang'ania shati la yule kijana.

"Wewe ukianguka utainuka, dada. Hii ikianguka tutaizoa kwa fagio. Unaipeleka wapi?"

"Kwa fundi wa kompyuta, ghorofa ya tatu. Inaganda. Nikifungua tu ile programu ya barua pepe, kila kitu kinasimama. Hata kale kamshale hakasogei."

"Na boksi lake liko wapi?"

"Boksi gani?"

"Linalokaa chini ya meza, lenye kitufe cha kuwashia."

"Lile si la kupitishia umeme tu? Kinachoganda ni hiki. Nimekiona kwa macho yangu kikiganda!"

Kijana akacheka mpaka akaketi kwenye ngazi, na watu wakawa wanamruka. Mlinzi wa jengo, mzee mmoja mwenye filimbi shingoni, akauliza kuna nini.

"Mzee, huyu dada ameleta uso, kichwa amekiacha ofisini," kijana akamjibu. Kisha akamgeukia binti yangu. "Twende. Fundi wa ghorofa ya tatu ni mimi. Mgonjwa nitamfuata kitandani kwake."

Mimi sikuwapo. Haya nimesimuliwa na wao wenyewe, kila mmoja akimkatiza mwenzake, na sehemu ya mwisho nimeiona kwa macho yangu. Nayaandika kwa ajili ya vijana wanaopendana, na zaidi kwa akina mama wenzangu, kwa sababu chanzo cha machozi yote mtakayoyasikia hapa ni mimi.

Binti yangu ni karani kwenye ofisi ya kukodisha mahema na viti vya sherehe. Bosi wake wanamwita Mama Mahema, mwanamke mnene mwenye sauti ya kipaza sauti, anayevaa miwani mbili, moja machoni na moja juu ya nywele. Maagizo yote ya wateja huingia kwa barua pepe, kwenye kompyuta moja tu, ya binti yangu. Ikiganda, ofisi nzima imeganda.

Fundi alipofika alivua saa, akakunja mikono ya shati lake la bluu, akapiga magoti chini ya meza. Binti yangu akasimama nyuma yake. Anakiri kwamba aliangalia shingo ya fundi kuliko alivyoangalia kompyuta.

"Tatizo ni virusi tu, au siyo?" akauliza.

"Sijui bado. Usidhani, dada. Kazi hii mwenye kudhani ndiye anayeharibu. Tunajaribu kimoja kimoja." Akashikilia kitufe kimoja cha pembeni huku akifungua programu. "Hivi inafunguka ikiwa uchi, bila mapambo yoyote. Ikikubali, basi ugonjwa uko kwenye mapambo."

Ikakubali. Barua zikashuka moja baada ya nyingine kama mvua.

"Haya, nani ameongeza hivi vikolokolo vinne?"

"Mama Mahema. Kimoja kinadondosha maua kwenye kila barua."

Fundi akazima kimoja, akafunga programu, akaifungua. Ikaganda. Akazima cha pili. Ikaganda. Alipozima cha tatu, cha maua, programu ikafunguka kwa kasi hata binti yangu akapiga makofi.

"Maua yangu!" Mama Mahema akalia kutoka chumba cha pili.

"Pole, mama. Yalikuwa yanaikaba koo."

Kabla ya kuondoka fundi akatuma barua ya majaribio kutoka kwenye simu yake. Ikaingia saa hiyo hiyo. Kichwa chake kilisema, *Jaribio la kwanza*. Ndani kulikuwa na maneno haya tu: *Ukiipata hii, cheka.*

Binti yangu akacheka. Na mambo yakaanzia hapo.

Kesho yake likaja jaribio la pili, keshokutwa la tatu. *Jaribio la tisa: je, gauni la machungwa lipo leo?* Naye anajibu: *Lipo, lakini viatu nimevifukuza.* Fundi alikuwa anamtumia picha pia, picha kubwa kubwa moja kwa moja kutoka kwenye kamera yake: paka anayelala juu ya printa mbovu, jua linapoingia dirishani kwake ghorofa ya tatu, mkono wake mwenyewe umeshika bisibisi. Mtaniuliza kwa nini binti yangu hakuzipokea kwenye simu. Kwa sababu alikuwa na simu ndogo ya tochi, isiyopokea picha. Kubwa nilimkatalia mimi. Niliogopa wanaume wangeingilia humo. Kumbe huyu aliingilia ofisini, tena kwa ruhusa ya bosi.

Walipigiana simu mchana, wakati wa chakula, fundi akianza:

"Laazizi, umekula?"

"Nitakulaje nawe uko mbali?"

"Usinidanganye, nakusikia unatafuna."

"Hiyo ni huzuni, naitafuna."

Miezi mitatu ikapita hivyo. Tatizo likawa Mama Mahema. Kila binti yangu akienda kula, yeye hukaa kwenye ile kompyuta, anashusha miwani ya juu, na anasoma kila kinachosomeka. Binti yangu akafikiri azifiche wapi barua zake. Na hapo ndipo akakumbuka mafunzo ya mama yake.

Miaka mingi nyuma wezi waliingia kwangu wakabeba hata mapazia. Kitu kimoja tu walikiacha, pipa la taka la jikoni. Tangu siku ile, hereni za dhahabu za marehemu mama yangu, zilizopona kwa kuwa nilikuwa nimezivaa, nazifunga kwenye kitambaa, naziweka chini kabisa ya pipa, nalaza gazeti, halafu juu maganda kama kawaida. Binti yangu amekua akiona hivyo. Kwake, mahali pa kitu unachokipenda kupita vyote ni pale ambapo mwingine ataona kinyaa kutia mkono.

Basi kwenye ile programu kuna folda inaitwa taka. Kila barua ya fundi, akishaisoma mara tatu nne, aliiwekea alama ya bendera nyekundu ubavuni, kisha akaitupia humo. Mama Mahema hakuigusa hata siku moja.

Jumatano moja, kompyuta ikaganda tena. Kulikuwa na oda ya harusi, viti mia sita, na mteja alikuwa anasubiri jibu. Binti yangu alikuwa ametumwa kupima ukumbi. Mama Mahema akampigia fundi, fundi akaja mbio na tabasamu, kwa kuwa Jumapili ile ndiyo alikuwa aje kwangu kujitambulisha. Nilishanunua hadi vikombe.

Hakumkuta binti. Akapiga magoti, akajaribu kimoja kimoja. Vikolokolo havikuwa na kosa. Faili linalobeba barua zote ndilo lililovimba mpaka programu ikashindwa kulibeba. Kama fundi yeyote mwenye akili, kwanza akanakili kila kitu kwenye flashi. Kisha akatafuta uzito uko folda gani. Uko kwenye taka. Akaifungua.

Akaona jina lake. Akashuka chini, jina lake. Akashuka tena, jina lake. Barua tisini na tatu, picha ya paka, picha ya jua, zote ndani ya taka.

"Vipi, fundi? Mbona umeganda na wewe?" Mama Mahema akauliza.

"Mama, kuna taka nyingi. Nizimwage?"

"Taka unaniuliza? Mwaga, mwanangu, mteja ananisubiri!"

Akabonyeza. Kompyuta ikawa nyepesi kama unyoya. Akavaa saa yake, akaondoka bila kuaga.

Binti yangu akarudi, akaona programu inakimbia, akacheka peke yake, akaenda moja kwa moja kwenye folda ya taka. Tupu. Akampigia fundi.

"Fundi, umefanya nini?"

"Nimesafisha taka."

"Taka?"

"Si ndivyo zilivyokuwa?"

Moyo wa binti yangu ulisikia kitu kimoja tu: barua zake mwenyewe mwanaume huyu anaziita taka, na amezifuta kwa mkono wake.

"Kumbe ni taka," akasema polepole.

"Wewe ndiye ulijua mapema. Mimi nimechelewa tu kuambiwa."

"Basi sawa."

"Sawa."

Jamani, vijana! Neno "sawa" msilitumie mkiwa na hasira. Lingewekwa hapo swali moja, *kwa nini ziko humo?*, haya mengine nisingeyaandika. Lakini kila mmoja alimngoja mwenzake aulize, na wote wawili wana vichwa vigumu. Binti yangu alirudi nyumbani akalala na viatu. Alhamisi hakula. Ijumaa akaja na habari kwamba fundi amepita ofisini kumuaga Mama Mahema. Amekubali kazi ya miaka miwili kwenye mji wa mbali, kazi aliyokuwa ameikataa kwa ajili yake, na basi lake ni Jumamosi saa sita mchana.

"Kwa hiyo Jumapili haji?" nikauliza, nikiwa nimeshika kikombe kipya.

"Mama, aje kufanya nini? Amenifuta."

Jumamosi asubuhi nikaona bora nimtie moyo. Nikamwita jikoni, nikamwaga maganda, nikainua gazeti, nikatoa kile kitambaa.

"Hereni za bibi yako. Nilitaka uzivae kesho. Zivae hata leo, mwanamume siye anayeleta sikukuu."

Hakuzipokea. Alikuwa anakodolea macho lile pipa.

"Mama, mtu asiye wa nyumba hii akiliona hili, atajua nini?"

"Atajua ni taka. Si ndiyo maana nazificha humo?"

Akapiga yowe lililonitoa roho. Akanipokonya hereni, akazirudisha chini ya pipa, akalaza gazeti juu, akalikumbatia pipa zima na kutoka mbio, kanga moja ya kulalia na fulana, nywele nusu zimesukwa. Nikajua mwanangu amepata wazimu. Nikatoka nyuma yake, mguu mmoja kandambili ya bluu, mwingine ya kijani.

Mlinzi wa lile jengo alipomwona anapanda akapuliza filimbi. "Dada! Leo umeleta nini?"

"Kichwa!" akajibu bila kusimama.

Fundi alikuwa anafunga begi. Pipa likatua juu ya meza yake, katikati ya bisibisi, na maganda ya viazi yakamrukia shati. Mafundi wenzake wakasogea.

"Tia mkono," binti yangu akamwambia.

"Humu? Una nini wewe?"

"Tia mkono mpaka chini!"

Akatia. Akatoa kitambaa, akakifungua, hereni zikang'aa kiganjani.

"Hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani kwetu," binti yangu akasema, akihema. "Na hapo ndipo mama anapokiweka, mwizi asikione. Sasa niambie barua zako nilizitupa."

Fundi akazigeuza hereni kiganjani.

"Kompyuta uliijaribu kimoja kimoja, fundi. Ukazima hiki, ukawasha, ukazima kile. Mimi umenihukumu kwa kuangalia mara moja! Na bendera je? Nani anaweka bendera kwenye taka?"

"Bendera gani?"

"Kila barua niliiwekea bendera nyekundu!"

"Niliona jina langu tu," fundi akasema kwa sauti ndogo. "Sikuona kingine." Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa flashi. "Nilinakili kabla ya kufuta. Tangu Jumatano nimeshindwa kuitupa, na nimeshindwa kuifungua."

Akaichomeka. Mimi nilifika mlangoni wakati huo, pumzi zimekata, nikaona skrini: jina lake, na ubavuni bendera nyekundu, jina lake, bendera, mpaka chini. Tisini na tatu. Fundi akawa anazishusha huku anafuta macho kwa mkono wenye ganda la kiazi.

"Na picha zako ndizo zilizoivimbisha," mmoja wa wenzake akasema. "Umeigandisha mwenyewe, ukaenda kuitengeneza mwenyewe."

Watu wakacheka. Ndipo fundi akaniona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe fundi?"

"Ndimi, mama. Nilikuwa nije kesho kukuomba..." Akatazama hereni mkononi, akamtazama binti yangu alivyo, na fulana yake na nywele nusu. "Nakuomba leo. Nataka kumuoa mwanao, kama yeye bado ananitaka."

"Jaribio la ngapi hilo?" binti yangu akauliza.

"La tisini na nne."

"Limefika," akasema, akacheka na kulia pamoja.

Nami nikasema, "Kesho uje kama ulivyoahidi, vikombe nimeshanunua. Na mwenye ile kazi mpigie sasa hivi umwambie huendi, hapa hapa, nikikusikia." Akapiga. Begi likafunguliwa.

Hereni ziko masikioni mwa binti yangu sasa, kila mtu anaziona, na pipa langu lina maganda matupu. Akina mama, watoto wanajifunza hata yale ambayo hamkukusudia kuwafundisha. Kitu unachokipenda kiweke wazi, aliyekupa akione. Barua za fundi sasa zina folda yao, imeandikwa jina lake kwa herufi kubwa. Mama Mahema anazisoma zote, na ikifika saa sita anashusha miwani ya juu na kuuliza, "Vipi, leo mwanetu hajaandika?"