Ngoma Iliyodunda Bila Mguu

Hakuwa na kimo, hakuwa na ulimi wa kubembeleza, hakuwa na shati la pili la kuonekana nalo mbele za watu, na mwanamke wa kumwuliza kama amekula hakuwa naye kabisa. Ndipo katika msongamano wa duka la vifaa vya umeme, binti mwenye gauni la manjano akamkanyaga.

"Samahani, kaka. Mguu wangu una kiherehere."

"Uache tu. Hata kukanyaga unakanyaga kwa mapigo."

"Makubwa! Wewe fundi au mganga?"

Alikuwa fundi wa sauti. Binti alikuwa mcheza dansi. Mwaka haujageuka, Fundi akawa anamfunga vidude vya kunasa mwendo mikononi na miguuni, vilivyounganishwa na mtambo wake wa sauti. Mkono ukipaa, filimbi hulia. Kisigino kikigusa sakafu, ngoma hudunda. Kumbi zilijaa. Nao wakapendana hadi simu zikapata moto.

"Umelala, roho yangu?"

"Nitalalaje na wewe unaniuliza?"

Kisha mguu wa kushoto ukaanza kuchelewa. Mwanzoni ulichelewa kidogo mno, mwenyewe hakujua. Fundi alijua. Kwa kuchelea mpenzi wake asiaibike, akautegesha mtambo upige ngoma ya kushoto wenyewe, mguu ufike usifike. Naye binti, aliyezoea kujisikiliza kwa ngoma, akaisikia iko sawa. "Atapumzika, utapona," alijiambia. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua.

Siku ya onyesho kubwa binti alianguka. Alilala chali jukwaani, na ngoma ya mguu wake ikaendelea kudunda bila kukosea. Watazamaji wakapiga makofi wakidhani ni mchezo. Yeye aligeuza shingo, akamtazama Fundi.

Tangu hapo hakupokea simu. Mwishowe dada yake akapiga.

"Shemeji, mshipa wa fahamu umebanwa mgongoni. Daktari anataka kujua mguu ulianza kuchelewa lini, ndipo aamue kama kupasua kutafaa. Ngoja, mwenyewe huyu."

"Fundi wangu," sauti ilikuwa nyembamba. "Sema mguu ulianza siku ile ile niliyoanguka. Sema tu kwamba hukunificha, nami narudi."

"Na daktari?"

"Nakuuliza wewe."

Simu ikakatika.

Kwa mdomo Fundi asingeweza kusema kweli, basi akachukua karatasi. Hakuandika mpenzi, hakuandika nisamehe. Aliandika: *Mguu ulianza kabla ya mvua, tukiwa bado tunacheka. Nilisikia kila siku, nikanyamaza. Mwonyeshe daktari.*

Akaramba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka gundi ikashika, akaenda posta, akaitumbukiza.